Kahawa Ikishapoa

Jumatatu, 18 Agosti

Buni za Lushoto zimekaangwa, zimepoa kwenye ungo, zimesagwa chengachenga. Si unga. Unga huziba kitambaa na kahawa ikawa chungu kama shubiri. Gramu mia mbili kwa lita moja na nusu ya maji baridi. Mtungi wa kioo, kifuniko, friji. Ilale humo mpaka kesho. Moto hauhusiki.

Hii ndiyo kazi ninayoweza kuifanya nikiwa ndani. Eda hainikatazi kula, inanikataza kutoka. Meza yangu ya kahawa ya moto pale kituoni kashaikalia mtu mwingine. Sitaki kujua nani. Nilianza na kikaango kimoja cha kuazima na nyumba hii ya Makorora ikasimama. Sitalala njaa kwa sababu ya mlango. Chupa za kahawa ya baridi naziuza kupitia friji ya Mama Shamsa, jirani mwenye duka. Ikifika adhuhuri zimekwisha.

Kitambaa changu cha kuchujia kimechanika leo. Wa Mwera kaniletea kipande cheupe, kipya, kimekunjwa vizuri. Nimekipokea. Sikusema asante.

Wa Mwera ni mke mwenzangu. Jina lake Mwajuma. Kwamba nina mwenza nilijua siku ya msiba, mbele za watu, nikiwa nimekaa kwenye jamvi. Hamadi, mume wetu, alifia kwake huko Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, kwenye zile safari zake za kununua nazi. Akaoshwa huko, akavishwa sanda huko, akavushwa kwenye kivuko, akaletwa Tanga amekwisha kufungwa. Walinifunulia uso kidogo, wakafunika. Hicho ndicho nilichopata.

Halafu mwenye nyumba wa Mwera akataka nyumba yake. Ndugu wa Hamadi wakaamua wajane wote wawili tukae eda mahali pamoja. Kwangu. Sikuulizwa.

Jumatano, 20 Agosti

Kitambaa kipya kinachuja vizuri kuliko cha zamani. Tone kwa tone, nyeusi, haina tope.

Nimetengeneza ya tui. Nusu glasi kahawa, robo tui zito, sukari niliyoiyeyusha kwanza, chumvi chembe tu, barafu mpaka juu. Chumvi ndiyo inayoifanya nazi iseme. Nilipoifikisha puani nikaishusha.

Kafuri. Karafuu maiti yenyewe.

Nimemwaga. Nimeosha glasi kwa majivu na ndimu. Nimemimina nyingine, tupu, bila tui. Ile ile. Harufu hiyo siwezi kuikosea. Ndiyo iliyonipiga usoni walipofunua ile sanda.

Sikunywa. Nimekaa na njaa ya kahawa hadi sasa.

Alhamisi, 21 Agosti

Mama Shamsa kaja kuchukua chupa. Nikampa glasi nikamkodolea macho. Kanywa yote, katafuna na barafu. Nikamuuliza kama haina harufu.

"Ina harufu ya kwisha, shoga. Jaza nyingine."

Nikamuuliza tena. Akanitazama kama naumwa.

Wa Mwera alikuwa mlangoni anakuna nazi. Nikampelekea glasi kwa makusudi. Kaisogeza, kasita, kaiweka chini, kavuta kanga puani. Eti tumbo lake halipendi baridi. Mwongo. Juzi nimemwona anamumunya barafu kama peremende.

Jumapili, 24 Agosti

Nimejaribu kitu kimoja kimoja, ndivyo nilivyojifunza biashara. Ukibadilisha mawili kwa pamoja hujui lipi limekuponza.

Maji ya bomba, kisha maji ya dukani. Harufu ipo. Mtungi mwingine. Ipo. Buni za gunia jingine. Ipo. Nimetoa kila kitu kwenye friji nikaisugua kwa magadi, nikaacha samaki nje ya barafu usiku kucha, wakaharibika. Harufu ipo.

Nikagandisha kahawa kwenye trei ili iwe barafu ya kahawa, isiichujue glasi inapoyeyuka. Vidonge vyeusi vizuri sana. Kidonge kimoja mdomoni, nikakitema.

Nikaichanganya na ndimu na maji ya soda. Hiyo ni ya wanaosema kahawa nzito. Povu lilipanda na kafuri ikapanda nalo.

Iliyonusurika ni ya kupiga povu. Vijiko viwili kahawa ya kopo, viwili sukari, viwili maji, unapiga mpaka mkono uanze kuuma na ikawa kama krimu, unaiweka juu ya maziwa baridi. Hiyo haikunuka. Na ya moto niliyoichemsha kwenye sufuria haikunuka.

Basi tatizo liko kwenye mtungi wa kulala. Wapi hasa, sijui.

Jumanne, 26 Agosti

Wifi yangu Bi Asha kaja kututazama. Dada mkubwa wa Hamadi, Mpemba wa kweli, haingii nyumbani kwa mtu bila kunusa. Nikampa shikamoo. Hata hajaketi:

"Kinanukia nini humu?"

Nikasema iliki.

"Mjane hatii manukato."

"Sijipaki, wifi. Nainywa."

"Haya, nipe na mie niione hiyo haramu."

Kanywa mbili. Za mtungi. Hakukunja hata kope.

Ana habari. Kuna harusi Chumbageni, watu wa upande wa mama yake. Wameziona chupa zangu, wanataka kahawa za baridi siku ya wanawake badala ya soda. Aina nne. Siku yenyewe ni baada ya eda yetu kwisha. Mama wa bi harusi atakuja kuonja mwezi wa kumi na wenzake. Akiridhika, harusi za Chumbageni nzima ni zangu. Wale hawaachani. Akifanya mmoja hili, mwaka mzima wote watafanya hilo.

Wifi akaondoka akisema, "Uzuri nyumba ya marehemu ina nafasi."

Marehemu aliikuta ina mabati.

Nimekubali kazi. Na siwezi kuonja ninachouza. Sina mtoto, sina shamba, sina pensheni. Nina ulimi. Buni nikiitafuna nakwambia imekauka kivulini au juani. Ulimi huu ukifa, nimekwisha. Niandike hivyo hivyo ili nisijidanganye.

Ijumaa, 5 Septemba

Siku hizi wa Mwera anapita mbali na friji. Leo nilimzuia njia.

"Nawe unaisikia."

Hakujifanya haelewi. "Tangu siku uliyomwaga glasi, dada."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nyumba si yangu."

Kumbe karafuu maiti ya Hamadi aliiponda yeye. Waoshaji walikuwa na haraka kwa ajili ya kivuko, wakampa kipakiti, akaiponda kwenye kinu chake mwenyewe. Anasema siku nyingi mikono yake ilikuwa inanuka hata akila.

Nikatazama mikono yake. Kisha nikatazama kitambaa kikining'inia juu ya mtungi. Sijui kwa nini nilichelewa hivi.

"Hiki ulikitoa wapi?"

Akainamisha kichwa. "Kilibaki."

Sanda ilipokatwa, kipande kilibaki. Bafta mpya. Akakikunja akakitia kwenye bahasha moja na mabaki ya kafuri. Siku ya kuja kwangu hakuwa na kitu cha kuingia nacho. Hata sukari. Alipoona changu kimechanika, akakitoa. Alikiosha kwanza, anasema. Kwa sabuni.

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Hakulia. Alisema tu, "Mtu haingii kwa mwenzie mikono mitupu."

Nimewanywesha watu wa Makorora kahawa iliyochujwa kwa sanda ya mume wangu. Na wakaomba nyingine.

Jumamosi, 6 Septemba

Kitambaa hakichomeki, nani ataweza. Hakitupiki. Hakivaliki. Na kumuuliza mtu ni kujitangaza.

Tumekifukia. Uani, karibu na ukuta, asubuhi watu wakiwa sokoni. Wa Mwera alishika jembe, mimi nilikishika. Wanaume wanakwenda makaburini, sisi tunabaki na sufuria. Basi haya ndiyo maziko niliyoyahudhuria mimi. Kipande cha bafta chenye madoa ya kahawa.

Wa Mwera akasoma. Nikaitikia.

Mama Shamsa kaninunulia kitambaa kingine. Nimekichemsha. Mtungi mpya pia. Ule wa zamani nimeuvunja na vigae nimevifunga gazetini. Mama Shamsa kauliza kulikoni. Nikamwambia umeteleza.

Jumatatu, 8 Septemba

Kitambaa kipya. Mtungi mpya. Harufu ile ile.

Nikapiga ya povu, ile iliyonusurika, isiyojua kitambaa. Nayo sasa inanuka.

Maji baridi hayanuki. Maziwa baridi hayanuki. Juisi ya ukwaju hainuki. Ni kahawa. Kahawa tu, na ya baridi tu.

Alasiri nikachemsha ya moto, nikamimina kikombe kimoja, nikakiweka mezani. Wa Mwera upande huu, mimi upande ule, atakayeisikia ainue kidole. Dirisha wazi, jua limejaa chumba. Ya moto: kahawa tupu. Mvuke mwingi: kahawa tupu. Tukakaa. Nje mtu alikuwa anapigilia misumari, akaacha. Mvuke ukawa uzi. Uzi ukakatika.

Wa Mwera akainua kidole. Changu kilikuwa kimekwisha kuinuka.

Haikuja pole pole. Ilikuja kama mtu aliyekuwa amesimama nje ya mlango, akaambiwa karibu.

Wa Mwera akasema, "Ndivyo alivyokuwa akiinywa."

Najua alivyokuwa akiinywa. Kikombe kando ya kitanda, usiku kucha, bila kifuniko. Asubuhi anaamka anakinywa kimepoa, anasema sasa imekomaa. Ndiko nilikopata wazo lenyewe la kahawa ya kulala. Nilidhani ni tabia ya nyumba hii. Kumbe na Mwera kulikuwa na kikombe.

Ametugawia sawasawa, kama sheria inavyotaka. Alichosahau ni kuniambia kwamba tunagawana.

Jumanne, 16 Septemba

Nauza bado. Niseme nini? Watu wanataka. Mama Shamsa anasema hata askari wa zamu wanazifuata. Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyeumwa. Nimeulizia kila mmoja kwa ujanja. Kahawa yangu ni nzuri kwa dunia nzima isipokuwa wanawake wawili.

Nikinywa peke yangu harufu ni nyembamba. Wa Mwera akiingia, inanenepa. Nimejaribu mara nyingi, mlango ukifungwa na ukifunguliwa. Hesabu haikatai.

Jumapili, 21 Septemba

Joto limeanza. Kusi linaondoka. Wa Mwera alitengeneza kahawa bila kuambiwa, ya tangawizi na iliki, ile inayochemshwa nzito kisha ikamiminwa moto moto juu ya barafu ili ipoe papo hapo. Kaleta kwenye sinia. Glasi tatu.

Aliona kosa lake alipokuwa anaweka sinia chini. Sikuiondoa. Naye hakuitoa.

Tulikaa. Yangu ilitoa jasho mpaka ikaacha mviringo wa maji mezani. Yake vilevile. Ya tatu ilikuwa kavu. Nikaigusa: baridi ya kuuma, na kavu kama imefutwa sasa hivi kwa taulo. Barafu ya kwetu ikayeyuka yote. Ya mle ilibaki na kona zake.

Ilipoadhiniwa alasiri tukainuka kusali. Tuliporudi, glasi ya tatu ilikuwa inatoa jasho kama glasi yoyote.

Nimeiosha mimi. Wa Mwera hakutaka kuishika.

Jumapili, 28 Septemba

Nimeamua. Ulimi umekufa, mizani i hai. Aina nne kwa mizani, gramu kwa gramu, kama fundi wa dawa.

Moja, nyeusi ya kulala, na barafu ya kahawa. Mbili, ya tui. Tatu, ya tangawizi na iliki. Nne, ya povu juu ya maziwa.

Ya ndimu na soda nimeiacha. Wazee hawataielewa.

Lakini mizani haionji. Buni za gunia hili kali kuliko za lile, nazi ya leo tamu kuliko ya jana. Hapo anahitajika mtu. Nikamwita Mama Shamsa awe ulimi wangu. Kila kitu kwake kitamu. Nikamuongezea sukari mara mbili, kitamu. Nikasahau sukari kabisa kwa makusudi, kitamu, "hii ya wagonjwa wa sukari eeh?" Ulimi wa Mama Shamsa haujui neno punguza.

Wa Mwera anajitahidi. Anaziba pua, anaonja, macho yanamtoka machozi. Anasema, "Sioni kitu dada, naona mazishi tu." Nilitaka kumcheka. Na mimi ndiyo hivyo hivyo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wa Mwera anazungumza na kikombe. Nimemkuta jikoni, kaegemea meza, anakinong'oneza. "Baba, tuachie kazi ya watu. Tukikosa hii tutakula nini." Alivyoniona alinyamaza. Nikajifanya nimefuata chumvi.

Mimi siongei na vikombe.

Alipokwenda kuoga nilikaa pale pale alipokuwa. Kikombe kilikuwa kimepoa kabisa. Nilisema, "Ungeniambia." Basi. Sikuwa na jingine. Miaka kumi na tisa ya ndoa na yote yalikuwa neno hilo moja.

Kahawa ikatikisika. Kidogo, duara moja, kutoka katikati kwenda pembeni. Meza sikuigusa. Labda niliigusa kwa goti.

Kafuri ilikuwa nzito hivi kwamba nilitoka nikasimama uani.

Wanakuja Jumapili.

Jumapili, 12 Oktoba

Wamekuja sita. Mama wa bi harusi, mrefu, mkavu, macho ya mtu anayekagua kitambaa. Bi Asha katikati yao kama ndiye aliyeichemsha. Nimewaweka sebuleni. Mwajuma alileta masinia.

Nilikuwa nimelifikiria kila jambo isipokuwa moja. Mama wa bi harusi hakugusa glasi. Akanitazama, akatabasamu.

"Toa sumu, bibie."

Desturi. Anayekaribisha huonja kwanza, wageni wafuate. Nimeifanya tangu utotoni, na niliisahau kwa sababu miezi hii sijakaribisha mtu yeyote kwa hiari.

Nyeusi nikaimudu. Nilishusha pumzi, nikameza kama dawa ya kwinini. Wakanywa, wakatikisa vichwa. Ya tui nilipoifikisha mdomoni, mwili ukakataa. Uso nilihisi unakunjamana mbele ya wanawake sita, na Bi Asha akaanza kusema, "We, una nini?"

Hapo Mwajuma akaichukua glasi mkononi mwangu. Akaketi kwenye mkeka kando yangu, akasema, "Dada amechoka tangu alfajiri, sumu naitoa mimi." Akanywa. Si kuonja, kunywa. Nusu glasi. Nikamsubiri akunje uso.

Hakukunja. Akailamba midomo. Akasema, taratibu, "Hii chumvi imezidi. Tui la leo jepesi, chumvi imekuwa ya jana."

Muuzaji hasemi hivyo mbele ya mnunuzi. Mama wa bi harusi akaonja, akafikiri, akaweka glasi chini.

"Kweli imezidi."

Mwajuma akaenda jikoni na jagi, akarudi. Sijui alifanya nini huko, nadhani aliongeza tui la kwanza na kipande cha barafu ya kahawa. Wakaonja. Yule mkavu akamaliza glasi, akamwambia Bi Asha, "Huyu asiyeficha ndiye ninayemtaka." Ya tangawizi Mwajuma akaonja, akaiacha kama ilivyo. Ya povu akaonja, akasema sukari pungufu kwa watoto, sawa kwa watu wazima. Sawa sawa.

Tumepata kazi. Aina nne zote.

Walipoondoka tulikuwa tunakusanya glasi. Mwajuma akauliza bila kunitazama.

"Dada, haipo tena. Tangu asubuhi, nilipoichuja. Kahawa tupu. Wewe?"

Nilikuwa nimeshika glasi ya tui, na kafuri imejaa kichwani.

"Hata mimi," nikasema.

Akaketi chini palepale sakafuni akalia, mara ya kwanza tangu aje. Kwa furaha, nafikiri. Nilimwacha alie, nikaosha vyombo.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimejaribu kama kawaida. Jikoni, uani, chumbani. Mlango wazi, mlango umefungwa. Mwajuma akiwa ndani, akiwa nje. Haipungui tena wala haizidi. Ipo vilevile popote nilipo.

Kwake hakuna kitu. Anakunywa nyeusi siku nzima, halali, anacheka na Mama Shamsa kupitia dirishani. Nimemwona anaonja kidonge cha kahawa na kusema, "Gunia hili lilinyeshewa." Nikakitafuna kile kidonge. Kafuri. Nikaenda kwenye gunia nikashika buni mkononi. Kweli zina unyevu. Ana ulimi. Wala hajui kuwa anao.

Nilikasirika kwanza. Yeye aliponda, yeye alikuwepo alipokata roho, yeye alileta kitambaa, na yeye ndiye aliyefunguliwa.

Halafu nikaigeuza hesabu upande wa pili: yeye amefunguliwa, basi marehemu amebaki kwangu peke yangu. Sijaimaliza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Eda imekwisha. Bi Asha kaja na wanawake wawili asubuhi. Tumeoga, tumevaa kanga mpya, tumesomewa. Udi ukafukizwa. Nimetoka hadi barabarani. Barabara ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Kwenye meza yangu ya zamani kuna mvulana anauza vocha.

Nduguye Mwajuma alikuwa amekuja kumchukua, kutoka huko kwao. Begi lake lilikuwa limefungwa, dogo, lile lile alilokuja nalo. Bi Asha alikuwa anasema mambo ya nyumba ya marehemu na haki ya kila mtu. Nikamwambia mbele ya wote kwamba nyumba ni yangu na mwenye shaka aniletee fundi aliyelipwa na marehemu. Nikamwambia na la pili: Mwajuma haendi popote. Kuna harusi.

"Baada ya harusi?" nduguye akauliza.

"Baada ya harusi kuna harusi."

Mwajuma akanitazama. Nikamwambia ulimi wangu umezeeka, umeungua kwa kuonja kahawa ya moto miaka yote, hauoni vizuri. Yeye ndiye atakayeonja, mimi nitapima. Faida katikati. Akauliza, "Katikati kabisa?" Nikasema katikati kabisa, ila safari hii tumeambiana.

Akafungua begi.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli, nyepesi. Mwajuma kaenda sokoni kuchagua nazi. Anazigonga, anazisikiliza, anarudisha nyingi.

Nyumba kimya. Nimechemsha kahawa kidogo kwenye sufuria ndogo. Kikombe kimoja. Nimeketi nacho dirishani, sina haraka. Moto, kahawa tupu. Mvuke, kahawa tupu.

Mvuke ukaisha.

Kafuri ikaja, nikaivuta. Nikanywa yote, mpaka kwenye tope.